Mwaka Niliofundishwa Kutandika Povu

Afande Mwanaidi alipopiga simu kusema amestaafu na anarudi kwao Tanga, ila kabla ya kuondoka atapita kwangu Kasulu alale japo siku moja, nilifagia chumba mpaka jirani yangu akauliza kama kuna mtu anakuja kunichumbia. Nikamwambia ni zaidi ya hapo. Alifika mchana, begi moja mkononi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa mkazo uleule wa zamani kana kwamba anaenda kukagua gwaride. Kabla hajanipa hata mkono alienda moja kwa moja kwenye mtungi wangu wa gesi, akainama, akagusa koki, akanusa, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Ndipo akanigeukia na kunikumbatia. Nilicheka huku machozi yananilenga, maana mimi ni mtu wa machozi ya karibu, sijawahi kuficha. Nilikuwa nimempikia samaki, migebuka ya kukaanga, na ugali wa muhogo, na wakati tunakula akasema kesho, kabla ya basi lake, angependa tumpitie Bibi Yustina kule njia ya Kibondo, kama yupo hai. Nikamwambia yupo, na mdomo wake upo vilevile. Tukatazamana, na mwaka ule wote ukaingia chumbani ukaketi nasi mezani.

Siku hizo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo si ya kutundika ukutani. Ndoto zangu, hata hivyo, zilikuwa hazijui matokeo yangu. Nilitaka kitu kikubwa, chenye sauti na rangi. Nje kidogo ya mji wa Kasulu, upande wa barabara inayokwenda Nyarugusu, palikuwa na bohari ya mafuta ya mtu binafsi ambako malori ya mashirika ya kambi ya wakimbizi yalikuja kujaza. Siku moja nikapita pale nikaona gari la zimamoto limeegeshwa chini ya paa la mabati. Lilikuwa lori kuukuu, rangi yake nyekundu imepakwa kwa brashi hadi mistari ya brashi inaonekana, lakini kwangu mimi lilikuwa kama ndege. Nikauliza mlinzi kama wanachukua watu. Akanionyesha mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya pipa akishona mpira wa maji uliochanika. Huyo ndiye Afande Mwanaidi. Alikuwa ametumikia zimamoto ya serikali mikoa mingi, kisha bohari ikamwomba aje awafundishe kikosi chao. Akaniuliza kama naogopa moto. Nikasema sana. Akasema vizuri, yule wa jana alisema haogopi, nikamrudisha kwao. Nikapewa mwaka mmoja wa kujaribiwa. Ukiisha, ama ninakuwa mtu wa kikosi, nikishika mdomo wa mpira kama wengine, ama narudi nyumbani kuuza vitumbua.

Tuliishi ndani ya kontena. Waliikata madirisha mawili, wakaweka pazia la kitenge katikati: upande huu mimi na Afande, upande ule Masanja na dereva wetu, mzee mpole aliyezungumza na pampu yake zaidi kuliko alivyozungumza na sisi. Mchana mabati yalipata moto mpaka unasikia yakilia, mvua ikinyesha huwezi kusikia hata mawazo yako. Harufu ya dizeli iliingia kwenye mashuka, kwenye sukari, kwenye nywele. Afande alichemsha chai yake ya tangawizi na iliki kila asubuhi, na ile harufu ikishindana na dizeli nilijua siku imeanza. Masanja alikuwa Msukuma mwenye mabega ya kubeba nyumba, na kila jioni tulimsikia nyuma ya pazia akimwambia mchumba wake kwa simu kwamba leo tena tumezima moto mkubwa, hapa nilipo nimechoka, mpenzi, mikono imebabuka. Wakati huo siku nzima tulikuwa tumepiga deki na kuchambua maharage. Afande aliniziba mdomo kwa kiganja ili nisicheke kwa sauti.

Somo la kwanza la povu nilifeli vibaya. Afande alikuwa amechimba shimo pana nyuma ya bohari, akamwaga humo maji na dizeli chakavu juu yake, akawasha. Moshi mweusi ulipanda hadi watoto wa shule wakasimama barabarani kutazama. Nikakabidhiwa mpira. Nilikuwa nimeshajiona kwenye magazeti, jamani. Nikaelekeza mdomo katikati kabisa ya ule moto, pale unapowaka zaidi, nikafungua kwa nguvu zote. Povu likaingia kama ngumi. Likazama, dizeli ikaruka juu pamoja na moto wake, ikamwagika nje ya shimo hadi karibu na viatu vyangu, na nyasi zikaanza kuwaka. Masanja akanivuta kwa ukosi. Watoto wa shule walicheka mpaka wakakaa chini.

Afande hakunigombeza. Aliuacha moto uishe wenyewe, akanichukua hadi ndani ya kontena, akavuta shuka langu kitandani na kuweka mto wangu katikati ya godoro. "Huyu ni mtoto amelala," akasema. "Baridi inaingia. Mfunike." Nikalirusha shuka juu ya mto kama tunavyofanya wote. Akasema umemwamsha, analia. Akanionyesha yeye: akashika pindo, akaliweka ukingoni mwa godoro upande wa miguu, akalisukuma polepole likateleza lenyewe mpaka likamfunika mtoto bila hewa kutikisika. Akaniambia mafuta yanayowaka hayapigwi, yanatandikiwa. Povu liangushe chini mbele ya moto lijisukume lenyewe, au ligonge ukutani upande wa pili liteleze kurudi. Kinachowaka si mafuta, ni mvuke wake, na kazi ya povu ni kulala juu ya mafuta ili mvuke usitoke. Likishalala usilikanyage, usilichokonoe, na usilimwagie maji, kwa sababu maji yatalitoboa, na hapo palipotoboka ndipo mtoto atakapoamka. Nilirudia kitandani pale siku nyingi. Masanja alikuwa akipita ananiuliza kama mtoto amenyonya.

Nilipojua kutandika, niliona raha ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo. Moto mkubwa, wenye ngurumo, unaokuchoma uso kutoka mbali, halafu ule weupe unatambaa juu yake bila haraka, unakula ukingo, unakula katikati, mpaka panabaki ulimi mmoja mdogo unaotapatapa kwenye kona, na huo nao unafunikwa. Kisha kimya. Tulipokwenda Nyarugusu kuwaonyesha vijana wa kujitolea wa kambini, mzee mmoja Mkongomani alisimama akitazama ule weupe, akasema, "Hii iko sawa bia ya kwetu, ila hii inalewesha moto." Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, nikijiona ndiye niliyeipika.

Lakini si kila moto ni wa povu, na hilo nilifundishwa mbele ya watu. Gesi ilishika moto kwenye jiko la nyumba ya wageni pale mjini. Mpira wa mtungi ulikuwa umepasuka na moto unatoka unalia kama nyoka. Nikakimbilia povu langu. Afande akanishika mkono, akaagiza tumwagie mtungi maji ya kuupoza, na ule moto wenyewe akauacha uwake. Watu mlangoni wakaanza: zimamoto gani hawa, wamekuja kuota moto. Mmoja akauliza kama watuletee na mahindi tuchome. Afande alivaa glavu, akajifunika kwa gunia lililolowa, akanyoosha mkono kutoka ubavuni, akafunga koki, na moto ukakatika kama taa. Baadaye, tunakula wali maharage ambao mwenye nyumba alituletea kwa shukrani, akanieleza kwamba angeuzima kabla ya kufunga, gesi ingeendelea kutoka kimyakimya ikajaa jikoni, na cheche moja tu ingetutoa wote kupitia paa. Halafu akasema jambo ambalo sikulielewa mara moja. Alisema kazi hii nusu yake ni moto, na nusu yake ni watu wanaotazama.

Wiki moja kabla ya mwaka wangu kuisha nilikuwa nimejilaza upande wangu wa pazia nikiwa na homa kidogo, na meneja wa bohari akaja kuongea na Afande nje ya kontena. Hawakujua nipo. Meneja alisema wazi kwamba binti ni mzuri, mchangamfu, anapika vizuri, lakini moyo wake laini mno. Anawalilia hata mbuzi. Siku ya siku atalia badala ya kufanya kazi. Afadhali aletwe kijana wa kiume mwenye roho ngumu. Nilisubiri Afande anitetee. Nilisikia tu kijiko kinazunguka kwenye kikombe cha chai. Mwishoni akasema tutaona. Basi, hiyo tutaona ilinikaa kifuani kuliko homa.

Siku tatu hivi baada ya hapo tulikuwa tunatoka Kibondo, tumeshinda Nduta tukiwafundisha vijana wa kambi ile. Tulikuwa tumetumia karibu maji yote ya gari kwenye maonyesho. Dawa ya povu, ambayo ni ghali, Afande aliibania, na mapipa yalikuwa bado na kitu. Jua lilikuwa linaanza kulegea, vumbi jekundu, Masanja anaimba. Tukapinda kona tukaona moshi.

Lori la mafuta lilikuwa limelala ubavu kwenye mtaro wa barabara, chini ya kijiji kilichojaa migomba. Tanki limepasuka nyuma, petroli imetiririka mtaroni na kuwaka, na upepo, Mungu ashukuriwe, ulikuwa unasukuma moto mbali na kichwa cha gari. Ndani ya kichwa kile dereva alikuwa hai. Usukani ulikuwa umembana miguu. Alikuwa mtu mzima, mvi kidogo, na alikuwa akisali kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeongea na simu. Nilimwona, na macho yangu yakaanza yale mambo yake.

Afande alitazama upepo, akatazama pampu, akanitazama mimi. Masanja ndiye pekee mwenye nguvu ya kunyanyua usukani na kukata chuma. Dereva wetu lazima akae kwenye pampu, na Afande kwenye mrija unaonyonya dawa kutoka pipani. Akanipa mdomo wa mpira. "Editha," akasema, "mtandikie."

Nikasimama upepo ukiwa mgongoni. Machozi yalikuwa yanatoka, niseme ukweli, lakini mikono ilikuwa inafanya kile ilichofanya kitandani miezi yote ile. Nikaligongesha povu kwenye ukingo wa udongo upande wa pili wa mtaro, likateleza kurudi. Likala ukingo. Likasogea. Joto lilinipiga usoni halafu likaanza kupungua, na ule weupe ukajaa mtaroni mpaka ukafika chini ya kichwa cha gari, na moto wa mwisho nyuma ya gurudumu ukafunikwa. Masanja akaruka juu ya kichwa cha gari na mtaimbo na msumeno wa chuma. Nilikuwa tayari nimeshaanza kutabasamu. Kisha mzee wa pampu akaita kwamba maji yanakwisha.

Hapo ndipo mtu anayejua povu anapoogopa, kwa kuwa povu halidumu. Linakauka, linazama kidogokidogo, hasa juu ya petroli na chuma cha moto, na ni lazima uongeze. Masanja alikuwa bado anakata. Dawa tunayo, maji hatuna, na gari lingine lilikuwa linatoka Kasulu, mbali. Na wakati huohuo nikasikia sauti za watu, nikageuka, nikawaona wanashuka kutoka migombani: akina mama, foleni ndefu, kila mmoja na ndoo kichwani.

Kwetu ukisikia moto kwa jirani huendi mikono mitupu. Nyumba za nyasi zimetufundisha hivyo. Unachukua chochote chenye maji, hata sufuria, unakimbia, na anayekuja na mikono yake tu atakumbukwa kwa hilo hata kwenye msiba wa mama yake. Nilijua walichokuja kufanya kabla hawajafika. Wangesimama ukingoni mwa mtaro na kumwaga, wote kwa pamoja, kwa upendo kabisa, na povu langu lingepasuka kila mahali, petroli ingeelea juu ya maji yao, na chuma kile chenye moto kilikuwa kinasubiri tu, Masanja akiwa juu yake na yule dereva ndani. Askari wa barabarani aliyekuwa amefika naye hakuwaelewa. Kwa kuwa alikuwa mgeni kutoka mkoa mwingine na ameshaona watu wanaokuja kuchota petroli, aliona ndoo akadhani ni wezi. Akainua kirungu akawafokea warudi, mna njaa ya kufa nyie. Waliumia. Niliona jinsi nyuso zilivyobadilika. Na walipoumia hawakurudi, walisogea.

Mbele yao alikuwa Bibi Yustina, ambaye bado sikulijua jina lake, bibi mfupi, miguu mitupu, ndoo nyekundu kichwani wala haishiki. Alimpita askari kama mtu anavyompita mbuzi njiani. "Mtu wenu anaungua mnanizuia na amazi yangu?" akasema. "Mwana wanje, nipishe." Kwa Kiha cha kwetu amazi ni maji, na askari mwenyewe alikuwa ameitwa mwanangu.

Nikampa Afande mpira. Sikumwomba ruhusa, nilimpa tu. Nikakimbia nikasimama mbele ya bibi, nikapiga goti palepale kwenye vumbi, nikamwamkia kwa Kiha kama ninavyomwamkia bibi yangu mzaa mama. Sikuwa na muda wa kumfundisha mambo ya mvuke. Na kumwambia arudi na ndoo iliyojaa nisingeweza, kungekuwa kumtukana mbele ya kijiji kizima. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho Afande alikisema siku ya kwanza na sikukitilia maanani: kwenye povu dawa ni kidogo tu, karibu yote ni maji. "Bibi," nikasema, "gari letu lina kiu. Tupe sisi hayo maji, sisi tutayafikisha."

Akanitazama. Akalitazama lile lori letu la rangi ya brashi. Akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia, akasema alimjua babu yangu, alikuwa mbishi. Kisha akageuka na kusema neno moja kwa wenzake, na foleni yote ikapinda kuelekea kwenye gari.

Maji yalikuwa ya kijito, yana matope na majani, na pampu ingeziba. Mama mmoja, bila kuambiwa, alivua kitenge chake cha juu akakitandaza kwenye mdomo wa tanki, wawili wakakishika pembe, na ndoo zikaanza kumiminwa juu yake. Wakipitisha ndoo mkono kwa mkono, tupu zikirudi kijitoni mbio, walianza kutaniana, kwamba fulani amejaza nusu, fulani anamwagia miguu ya askari makusudi. Na ni kweli alikuwa anamwagia makusudi. Yule askari mwishowe aliweka kirungu kwapani akapokea ndoo kama wengine. Nikarudi kwenye mpira. Povu likatoka tena, zito, jeupe, nikatandika upya palipochakaa, nikaongeza, nikaongeza, mpaka Masanja akapiga kelele ya mtu aliyezaa, na dereva akatoka kwenye dirisha la mbele akiwa mabegani mwake, kiatu kimoja hakipo, bado anasali.

Tulirudi kwenye kontena hatuna sauti. Asubuhi yake niliamka nikakuta kofia yangu ya chuma haipo chini ya kitanda. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa mlangoni, kando ya mdomo wa mpira, kwenye msumari ambao mwaka mzima haukuwa na kitu. Afande alikuwa anakoroga chai. Nilimuuliza meneja amesemaje. Akasema amesema nililia. "Nikamwambia ndiyo, alilia, na mkono haukutetemeka."

Nimekaa kwenye kikosi kile tangu hapo, na siku hizi mimi ndiye ninayewafunika watoto wa mto mbele ya vijana wapya wanaocheka. Hayo yote tuliyakumbushana na Afande, tukiongezeana chumvi, mpaka migebuka ikaisha. Kesho yake tukampitia Bibi Yustina. Barabara imetengenezwa, ule mtaro umejengewa kwa mawe, na mtu asiyejua hawezi kuona kwamba paliungua. Tulimkuta anaanika muhogo. Amepungua, macho yameingia ukungu, lakini alimtambua Afande kwa sauti, akamwambia mbona unazeeka haraka hivyo. Tulikuwa tumembebea sukari na sabuni. Alipoishika sabuni akacheka peke yake, halafu akanivuta karibu. Kuna jambo alitaka kuniuliza tangu siku ile, akasema, ila aliona aibu mbele za watu. Walimimina ndoo nyingi sana kwenye lile gari. Alisimama akatazama, na hakuona hata tone la maji likienda kwenye moto. Aliona kitu cheupe tu.

"Niambie kweli, mwana wanje. Amazi yangu yalifika?"

Nikakishika kile kiganja chenye unga wa muhogo. Nikamwambia, "Yalifika, Bibi. Ule weupe wote ulikuwa ni ninyi."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye muhogo wake. Kisha akamwambia Afande asiketi hivyo kama mgeni, ashike upande wa pili wa mkeka, wausogeze juani.